Bwana Msa, Willy Gamba na Swali la Ushahidi

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, huenda nawe umewahi kumkuta mwanafunzi akisoma riwaya chini ya dawati wakati wa kipindi chako. Mimi nilimkuta mmoja wa Kidato cha Tatu, nikamnyang'anya kitabu na kukitia katika droo ya meza. Kilikuwa Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, kimechakaa, jalada lake limeshikizwa kwa gundi. Kipindi chenyewe kilikuwa cha riwaya teule, nasi tulikuwa tukinakili hoja nane za kuthibitisha kwamba maudhui fulani yamejitokeza kitabuni. Kengele ilipolia, mwanafunzi huyo alinifuata akaniuliza: "Mwalimu, hizi hoja nane tumezithibitisha sisi au zimethibitishwa na mwongozo?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Likizo ilipofika nilikitoa kitabu kile drooni nikakisoma, kisha nikatafuta vingine vinne vya jamii yake. Makala haya ni maoni yangu kuhusu riwaya hizo tano za upelelezi: Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, Simu ya Kifo (1965) ya Faraji Katalambulla, Kufa na Kupona (1974) na Kikosi cha Kisasi (1979) za Musiba, na Tutarudi na Roho Zetu? (1987) ya Ben R. Mtobwa. Nakiri mapema kwamba maoni yenyewe yamechanganyika. Kuna nilichokipenda mno na kuna nilichokikataa, na mara nyingine vyote viwili vilikuwa katika ukurasa mmoja.

Kuhusu jina "riwaya pendwa"

Katika uhakiki wetu tumezoea kuzigawa riwaya katika mafungu mawili, riwaya dhati na riwaya pendwa. Fungu la kwanza ndilo tunalolitahini. La pili tunalitaja kwa sentensi moja katika somo la aina za riwaya, tukisema kwamba lengo lake ni kuburudisha, wahusika wake ni bapa na msuko wake ni wa kuigwaigwa, kisha tunaendelea na mengine. Mgawanyo huu una manufaa yake. Hata hivyo, una kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba unatuwezesha kukihukumu kitabu kabla hatujakisoma. Hakimu anayetoa hukumu kabla ya kusikiliza mashahidi tungemwita dhalimu. Mhakiki afanyaye hivyo tumemwita msomi.

Kwa hiyo nilijiwekea kipimo kimoja cha kuzipimia riwaya zote tano. Riwaya ya upelelezi huanza na jambo lisilojulikana: nani aliua, nani aliiba, nani aliisaliti nchi. Baadaye jibu hupatikana. Nilijiuliza kila mara: Je, jibu hili limepatikana kwa ushahidi? Na ushahidi huo, je, nimeonyeshwa mimi msomaji ili nami niupime, au nimeambiwa tu niamini?

Msomaji ataona kwa nini nimechagua kipimo hiki. Neno "thibitisha" ndilo uti wa mgongo wa maswali ya fasihi katika karatasi ya tatu ya mtihani wa KCSE. Kila mwaka wanafunzi wetu huamriwa kuthibitisha, ilhali wengi wao hawajawahi kufundishwa maana ya ushahidi. Wamefundishwa kukariri orodha.

Bwana Msa na kiko chake

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Zanzibar mwaka 1918 na akafariki mwaka 1991. Kabla ya kuingia katika uhariri wa magazeti, alifanya kazi kwa takribani miaka kumi akiwa mkaguzi katika idara ya afya. Naona jambo hili lina uzito. Mkaguzi wa afya haruhusiwi kusema kwamba kipindupindu kimeletwa na shetani. Ni lazima akitafute kisima kilichochafuka. Ndivyo afanyavyo Bwana Msa. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58 kabla ya kuchapishwa mwaka 1960, inaanza kwa maiti iliyopatikana mahali panapoogopwa na watu, na hofu ya mzimu iko tayari kutoa maelezo. Bwana Msa hawadhihaki wanaoogopa. Anawasha kiko chake, anauliza maswali, anatazama kile ambacho wengine wamekipita, na polepole anatuongoza kutoka kwa mzimu hadi kwa binadamu.

Wahakiki wengi wamemlinganisha Bwana Msa na Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, na ufanano upo bayana: kiko, utulivu, na rafiki anayemfuata akistaajabu. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumemnyima Abdulla haki yake. Rafiki huyo, Najum, ni mtu wa Pwani hasa. Ana papara, anachoka, anaudhika, anakisia na kukosea, na mazungumzo yake na Bwana Msa yana utani na vijembe ambavyo mwandishi hakuviazima London. Kiswahili cha Abdulla ni cha kuonea wivu. Mwanafunzi anayelalamika kwamba ufasaha ni mzigo wa insha na asome jinsi watu hawa wanavyobishana.

Najum ana kazi nyingine muhimu. Yeye ndiye sisi. Anaona yale tunayoyaona, lakini hayasomi vizuri. Kila anapokosea, msomaji hujiuliza kama naye amekosea vilevile. Hili ni somo la usomaji makini ambalo hakuna mwongozo unaoweza kulitoa.

Basi, kasoro ni zipi? Ya kwanza inahusu kipimo changu. Abdulla anapenda siri za nasaba: ndoa zilizofichwa, watoto wasiojua wazazi wao, udugu unaofichuka mwishoni. Mara kadhaa nilihisi kwamba baadhi ya nyuzi alizozikusanya Bwana Msa katika maelezo yake ya mwisho hazikuwa zimepita mikononi mwangu. Mpelelezi alikuwa na mfuko ambao sikuonyeshwa. Huo ni udanganyifu mdogo, lakini katika utanzu huu ni kosa linalostahili kutajwa.

Ya pili ni nzito zaidi. Dunia ya riwaya hii ni ya mabwana wenye mashamba na watumishi wao, na mwandishi haihoji. Bwana Msa huuliza nani aliua. Haulizi kwa nini huyu ana shamba na yule ana jembe tu. Riwaya ilichapishwa miaka minne kabla ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, lakini ukiisoma huwezi kudhani kwamba nchi ile ilikuwa na swali lolote la aina hiyo. Simlaumu mwandishi kwa kutokuwa mtabiri. Nasema tu kwamba jicho lililoona majivu na nyayo za miguu halikuyaona yote.

Simu inapolia Dar es Salaam

Simu ya Kifo ya Katalambulla inatuhamisha kutoka mashambani hadi mjini. Anayepeleleza hapa si bwana mwenye nafasi na kiko, bali ofisa wa polisi, Inspekta Wingo. Tukumbuke kwamba Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961. Miaka minne baadaye msomaji wa Kiswahili anapewa ofisa Mwafrika anayeongoza uchunguzi katika jiji la Waafrika, na simu, chombo ambacho wakati huo kilikuwa cha wachache, inafanywa mjumbe wa mauti. Ni ubunifu ambao nadhani haujapewa sifa zake za kutosha.

Riwaya hii ni fupi na ina kasi. Taharuki yake ni ya kweli. Nilianza kuisoma jioni nikaimaliza kabla ya kulala, jambo ambalo si kawaida yangu. Kwa mwanafunzi anayeogopa vitabu, ningeanza na hiki. Hata hivyo, kasi hiyo ina gharama. Wahusika wanapita kama abiria wa matatu ambao hatukupata kuwajua majina. Mtu anakufa, nasi hatuna muda wa kumlilia kwa sababu hatukuwa na muda wa kumjua. Kuhusu ushahidi, Wingo anafanya kazi, lakini aghalabu tunaiona kazi hiyo kwa nyuma, kama mtu anayemfuata askari anayekimbia. Nilifurahi sana na nikakumbuka kidogo.

Willy Gamba: bunduki badala ya hoja

Sasa tufike kwa kitabu kilichonileta hapa. Elvis Musiba, aliyefariki mwaka 2010, alimuumba Willy Gamba, mpelelezi wa serikali ya Tanzania, na wahakiki wamezoea kumlinganisha na James Bond wa Ian Fleming. Nilitarajia kumchukia. Haikuwa hivyo.

Msomaji wa leo hana budi kukumbuka mazingira ya wakati ule. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963. Kufa na Kupona ilipochapishwa mwaka 1974, Msumbiji na Angola zilikuwa bado hazijapata uhuru wake, uliokuja mwaka uliofuata. Mambo anayoyashughulikia Gamba, yaani siri za ukombozi na maadui wanaozitafuta, yalikuwa mambo ya kufa na kupona kwa kweli. Isitoshe, mkasa unamleta Nairobi. Mwanafunzi wa Kenya anayezoea kuona jiji hili likitajwa katika fasihi kama pango la ufisadi na umaskini tu, hapa analikuta likiwa uwanja wa historia ya bara zima. Katika Kikosi cha Kisasi mkasa unahamia Kinshasa, na wapelelezi wa nchi mbalimbali za Afrika wanaunganisha nguvu. Kitabu cha historia kinaueleza umoja wa Afrika kwa maazimio ya mikutano. Musiba anaueleza kwa watu wanaotegemeana ili wasife, na nadhani mwanafunzi atamkumbuka Musiba zaidi.

Hayo ndiyo niliyoyapenda. Sasa ninayoyakataa.

Gamba hapelelezi sana. Anafika, anavutia macho, anashambuliwa, anashinda. Habari muhimu humjia kwa bahati, kwa mwanamke, au kwa adui ambaye amepigwa mpaka akasema. Msomaji hapewi kazi yoyote isipokuwa kushangilia. Na mwisho wa mambo, risasi ndiyo ushahidi, risasi ndiyo hukumu. Neno "kisasi" halikuingia katika jina la riwaya ile kwa bahati mbaya.

Utaniambia kwamba hii ni vita, na kwamba vita haina mahakama. Nakubali kwa upande wa riwaya. Lakini mimi na wewe tunamfundisha msomaji anayeishi katika nchi ambamo mtu huweza kuitiwa mwizi sokoni akauawa kabla ya yeyote kuuliza ameiba nini. Wanafunzi wetu wamepita mahali palipochomwa tairi. Baadhi yao wamesimama wakitazama. Msomaji huyo anapofunzwa, kitabu baada ya kitabu, kwamba shujaa humjua adui kwa kumtazama tu na kwamba haki huja haraka ikitoka mkononi mwa mwenye nguvu, hatuwezi kusema ni burudani tu. Kinyume chake, Bwana Msa anasimama mbele ya umati uliokwisha kumpata mhalifu wake, yaani mzimu, na anasema tungoje kidogo. Kungoja huko ndiko kunakonifanya nimpende licha ya kasoro zake zote.

Simaanishi kwamba Gamba afungiwe droo. Namaanisha kwamba asomwe kwa sauti, mbele ya mwalimu, na darasa liulizwe: Hapa alijuaje? Na kama angekosea je?

Joram Kiango na Nuru

Ben R. Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, ndiye fundi wa lugha miongoni mwa waandishi hawa wa bara. Sentensi zake ni fupi, zina mdundo, na anajua kufunga sura mahali ambapo huwezi kukiweka kitabu chini. Hata jina la riwaya yake ni swali. Joram Kiango wake ni binadamu zaidi kuliko Gamba. Ana mashaka, ana kejeli, na mara nyingine hata sisi tunaomfuata hatujui yuko upande gani. Katika Tutarudi na Roho Zetu? yeye na Nuru wanakwenda kuikabili hatari ya makaburu huko huko Afrika Kusini, na alama ile ya kuuliza inatisha kwa sababu Mtobwa ametufanya tuamini kwamba huenda wasirudi.

Hapa ushahidi unatendewa vizuri kuliko kwa Musiba, ingawa si kama kwa Abdulla. Mtobwa hutuonyesha matendo ya Joram bila kutueleza nia yake, nasi tunalazimika kukisia. Kukisia si kuthibitisha, lakini ni hatua ya kwanza.

Na Nuru je? Hapa ndipo maoni yangu yanapogongana. Nuru anasafiri, anathubutu, anafikiri, anaihatarisha roho yake pamoja na Joram. Ukimlinganisha na wanawake wengi wanaomzunguka Gamba, ambao ama ni pambo ama ni mtego, Nuru ni hatua kubwa mbele. Lakini kalamu ya Mtobwa haichoki kutukumbusha uzuri wake. Kila anapoingia chumbani ni lazima atazamwe kabla hajasikilizwa. Niliwahi kufikiri kwamba hili ni jambo dogo la mtindo. Kisha nikajiuliza ni mara ngapi tumeambiwa jinsi miguu ya Joram ilivyo. Usawiri ni ushahidi pia: unathibitisha mwandishi anamwonaje mhusika wake. Wasichana walio darasani mwetu wanausoma ushahidi huo hata tusipowauliza.

Tufanye nini darasani?

Sipendekezi kwamba riwaya hizi zichukue nafasi ya vitabu teule. Napendekeza zitumiwe kufundisha namna ya kuvisoma. Njia niliyoijaribu ni rahisi. Chagua riwaya ya upelelezi, isomeni hadi kabla ya sura ya mwisho, kisha msimame. Kila mwanafunzi achore safu tatu daftarini: tukio na ukurasa, linachoonyesha, na linachoweza kuonyesha kama tumekosea. Safu ya tatu ndiyo ngumu na ndiyo yenye faida. Halafu aandike nani mhalifu na kwa nini. Asipewe alama kwa kumpata mhalifu. Apewe alama kwa njia aliyoifuata.

Baada ya hapo rudini kwenye riwaya teule na safu zilezile. Utagundua kwamba nyingi ya riwaya hizi tunazoziita dhati zimejengwa juu ya mfupa wa upelelezi. Katika Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, iliyotahiniwa miaka iliyopita, Amani anafika Sokomoko akiwa na siri na jambo la kuchunguza, nasi tunayakusanya mambo pamoja naye hadi tunapomjua aliyeuiba mswada wake. Tuliifundisha kama riwaya ya uongozi mbaya na haki za wanyonge, na ilikuwa hivyo. Lakini wanafunzi waliipenda kwa sababu walitaka kujua. Kwa nini tulilionea haya jambo hilo?

Hitimisho

Kwa ufupi, hivi ndivyo ninavyozipanga riwaya hizi tano. Kwa kufundisha kufikiri, Mzimu wa Watu wa Kale haina mpinzani, ingawa macho yake yamefumba mbele ya tabaka. Kwa kumvuta mwanafunzi asiyependa kusoma, Simu ya Kifo. Kwa historia ya ukombozi, riwaya mbili za Musiba, mradi mwalimu awepo. Kwa lugha na kwa mijadala ya jinsia, Tutarudi na Roho Zetu?

Muhula ulipofunguliwa nilimrudishia mwanafunzi yule Kufa na Kupona yake, nikamwekea na Mzimu wa Watu wa Kale juu yake, kwa sharti kwamba asimame kabla ya mwisho na kuandika safu tatu. Wiki mbili baadaye aliniletea kurasa nne. Mhalifu aliyemtaja siye. Lakini kila hoja ilikuwa na ukurasa wake, na chini kabisa, baada ya kuumaliza mkasa, alikuwa ameongeza malalamiko: kwamba baadhi ya mambo aliyoyaeleza Bwana Msa mwishoni msomaji hakuwa ameonyeshwa, na kwamba huo si uungwana. Nilitazama katika miongozo yangu yote. Hoja hiyo haimo.

Nilimpa alama zote. Nakuomba nawe, mwalimu mwenzangu, uitazame droo yako.